Je, Sheria Iruhusu Mchezo wa Fedha katika Simu?

Katika mafundisho ya amri ya saba liko swali ambalo wakatekumeni wa zamani hawakuliuliza, na siku hizi haliachi kuulizwa. Kijana asimama na kusema: Kuiba ni dhambi, jambo hilo limeeleweka, kupunguza kipimo sokoni ni dhambi, nalo limeeleweka, lakini mtu akitia faranga zake elfu moja katika mchezo wa simu, kwa hiari yake, akapata elfu ishirini, amemwibia nani? Na mwingine nyuma yake huongeza: Tena Serikali imetoa ruhusa, nyumba za mchezo zina rangi na vibao barabarani, na kodi zinalipwa. Ingekuwa mbaya, Serikali ingeiruhusu?

Swali hili si la kipumbavu, wala halistahili kujibiwa kwa ukali tu. Ndani yake mna maswali mawili yaliyofungwa pamoja kama kuni za mzigo mmoja. La kwanza: je, mchezo wa fedha ni dhambi? La pili: je, yapasa sheria ya nchi iuruhusu au iukataze? Asiyeyatenganisha atakosea yote mawili. Wako wanaodhani ya kuwa kila lililo dhambi lazima lipigwe marufuku na jaji. Na wako wanaodhani ya kuwa kila asiloliadhibu jaji halina dhambi. Wote wawili wamemweka jaji mahali pa Mungu.

Lakini kabla ya kuhukumu jambo, ni lazima kulijua. Katika miji ya Kongo, na Kalemie ni mmoja wao, michezo ya namna tatu hupatikana. Iko pari ya mpira: mtu hukisia ni timu gani ya Ulaya itashinda, naye huandikiwa tiketi kibandani au ndani ya simu. Uko mchezo wa ndege ndogo inayopaa katika kioo cha simu, na fedha zikiongezeka kadiri inavyopaa. Asiyetoa fedha zake kabla ndege haijatoweka amezipoteza. Na uko mchezo wa karata uitwao poka, uliokuzwa huko Marekani, ambao sasa huchezwa kwa intaneti na watu wasioonana. Tangu njia ya kutuma fedha kwa simu iitwayo M-Pesa ilipoingia Kongo mwaka 2012, na nyingine kama hiyo zikafuata, mtu hana haja tena ya kutembea mpaka nyumba ya kamari. Nyumba ya kamari imekuja kukaa mfukoni mwake, na haifungi mlango usiku.

Poka yastahili kuelezwa kwanza, kwa sababu wanaoitetea wana hoja yenye nguvu kuliko wengine. Kila mchezaji hupewa karata naye huzificha. Kila mmoja huweka fedha katikati ya meza, wenye hofu huacha, na mwishowe mwenye karata bora, au mwenye moyo wa kuwatisha wenziwe, huchukua chungu chote. Mwenye nyumba hachezi. Yeye hukata sehemu ndogo ya kila chungu, kama mkubwa wa soko atozavyo ushuru. Basi wachezaji sita wakikaa usiku kucha, fedha huzunguka kati yao, huyu akipata na yule akipoteza, na ushuru hukatwa kila mara. Hata kunapokucha fedha za meza zimepungua, wala hakuna mwizi aliyeingia.

Watetezi wake husema: poka si bahati tupu, ni akili, sawasawa na mchezo wa bao. Hilo ni kweli kwa sehemu kubwa. Mwenye kujua kuhesabu na kuzisoma tabia za wenziwe atashinda mara nyingi kuliko asiyejua. Lakini hoja hiyo ikitazamwa vema yawageukia wenyewe. Ikiwa ushindi hutokana na ujuzi, basi mjuzi huishi kwa fedha za wajinga, na biashara yote yahitaji wajinga wapya kila siku. Katika bao mzee humshinda kijana, kijana akacheka na kujifunza. Hakuna aliyekwenda nyumbani bila unga. Tena katika simu mtu hajui anacheza na nani. Mwezi wa Januari 2017, katika mji wa Pittsburgh huko Marekani, mashine iliyotengenezwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, jina lake Libratus, iliwashinda wachezaji wanne waliokuwa mabingwa wa poka. Mwaka 2019 nyingine, iitwayo Pluribus, ikawashinda mabingwa kwenye meza ya watu sita. Nyumba nyingi za mchezo hukataza mashine kukaa mezani kwao. Lakini mvuvi wa Kalemie aliyeketi juu ya mtumbwi wake na kubonyeza kioo atajuaje ya kuwa jina lile analoliona lina roho?

Pari ya mpira nayo ina hesabu yake, na kila mkatekumeni ajuaye kuzidisha aweza kuifanya kwa kipande cha makaa. Tuseme timu mbili zinalingana, na mambo matatu yaweza kutokea kwa usawa: ya kwanza ishinde, ya pili ishinde, au zitoke sare. Nyumba yaahidi kulipa faranga 2,600 kwa kila faranga 1,000 zilizowekwa mahali pa kweli. Mtu akiweka 1,000 kwa kila jambo kati ya yale matatu, ametoa 3,000, naye hana budi kushinda mara moja, atapewa 2,600. Zile 400 zimekwenda wapi? Ndizo riziki ya mwenye nyumba. Hakuna hila katika jambo hilo wala uongo. Ndivyo biashara ilivyojengwa.

Lakini vijana wachache huridhika na mechi moja. Hupenda tiketi ndefu, mechi nane au kumi kwa pamoja, kwa kuwa malipo yake ni makubwa ya kuotwa usiku. Haya, ihesabiwe tiketi ya mechi nane kama ile ya juu. Matokeo yanayowezekana ni tatu mara tatu, mara tatu, hata zitimie nane, yaani njia 6,561, na moja tu ndiyo ya ushindi. Nyumba italipa kiasi cha mara 2,088. Aliyeweka faranga 1,000 na kushinda atapata zaidi ya milioni mbili, na mtaa wote utasikia, na picha ya tiketi yake itatumwa katika simu za watu mpaka Nyunzu na Kabalo. Hakuna atakayemwambia ya kuwa kwa kipimo cha haki angelipwa milioni sita na nusu. Wala picha za tiketi zile elfu sita na mia tano na sitini zilizotupwa chini hazitumwi popote.

Hapo mzee mmoja hupenda kuuliza: Je, uvuvi wenyewe si kamari? Mtu anunua mafuta ya taa au betri za taa zake, aingia ziwani usiku, atupa wavu, wala hajui kama atarudi na dagaa au na maji matupu. Mkulima naye huzika mbegu bila kujua mvua. Hoja hii ni nzuri, na wengi hushindwa kuijibu. Jibu lake ni hili: mvuvi akikosa, hakuna jirani aliyenenepa kwa kukosa kwake, na akipata, samaki wameingia kijijini ambao jana hawakuwamo. Bahati yake yaongeza chakula duniani. Katika mchezo wa fedha hakuna faranga moja iliyozaliwa. Kila faranga iliyomo mkononi mwa mshindi imetoka mfukoni mwa mwenzake, ikapunguzwa njiani. Hatari ya mvuvi ni gharama ya kazi yake. Hatari ya mchezaji ndiyo bidhaa yenyewe anayoinunua.

Sasa lijibiwe swali la kwanza, je, ni dhambi? Eklezia haijasema kamwe ya kuwa kupiga kura au kucheza kwa bahati ni uovu kwa tabia yake. Zakaria, baba yake Yohane Mbatizaji, aliingia hekaluni kufukiza ubani kwa kuwa kura ilimwangukia. Mitume walipotaka kuijaza nafasi ya Yuda, walipiga kura, ikamwangukia Mathia. Askari nao chini ya msalaba walilipigia kura vazi la Bwana wetu. Kura ni ile ile. Mioyo ndiyo mbalimbali. Na Katekisimu ya Eklezia Katolika, iliyotolewa mwaka 1992 na Papa Yohane Paulo wa Pili, yafundisha katika namba 2413 ya kuwa michezo ya bahati haipingani na haki kwa yenyewe, bali huwa mbaya mbele ya dhamiri pale inapomnyang'anya mtu yale anayoyahitaji kwa riziki yake na ya wale wanaomtegemea. Tena yaonya ya kuwa tamaa ya mchezo yaweza kuwa utumwa.

Walimu wa zamani wa maadili walikuwa wakiuliza mambo manne: je, fedha ni zako kweli? je, kila mchezaji amekuja kwa hiari? je, hakuna udanganyifu? je, nafasi ya kushinda inalingana kwa kiasi? Hayo mawili ya mwisho yamekwisha kuguswa hapo juu katika hesabu. Nguvu zote za swali zimo katika mawili ya kwanza.

Fedha ni zako? Mume aweza kusema ndiyo, kwa kuwa zimo mfukoni mwake. Lakini amri ya saba haiishii mfukoni. Katika Ziwa Tanganyika uvuvi wa dagaa hufanywa kwa taa, usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu samaki hawafuati taa, na mitumbwi mingi hupumzika. Siku hizo za mwezi mweupe ndizo siku za hatari, kwa maana mikono haina kazi na mfukoni bado mna mapato ya majuma ya giza. Lakini mapato yale yamekwisha kugawanywa kabla hayajahesabiwa: sehemu ni ya mwenye mtumbwi, sehemu ni deni la nyavu, sehemu ni unga wa muhogo wa nyumba mpaka giza lirudi, sehemu ni karo ya mtoto. Kinachobaki baada ya hayo ndicho chake cha kuchezea, akitaka. Mara nyingi hakibaki kitu. Mke aliyeanika dagaa mchangani tangu alfajiri hadi jua kali, akiwafukuza ndege, akiwageuza, akiwachambua, hakutoa ruhusa yake tiketi ilipokatwa; na bila ruhusa yake fedha ile haikuwa ya mmoja. Mwenye kucheza kwa fedha ya unga hana haja ya kuuliza amemwibia nani. Amtazame mtoto wake jioni.

Umekuja kwa hiari? Mara ya kwanza, naam. Mara ya mia si hakika. Michezo hii imetengenezwa na watu wenye elimu kubwa, ili mchezaji asitamani kuondoka: ndege hupaa kila baada ya muda mfupi, na aliyepoteza huonyeshwa jinsi alivyokaribia kupata. Mtu aliyepoteza elfu tano hachezi tena kwa furaha. Hucheza ili azirudishe zile tano, na hapo hiari imekwisha kuyumba kama mtumbwi wenye maji ndani.

Mfano wa utumwa huu uko katika maisha ya Mtakatifu Kamilo wa Lellis. Alizaliwa Italia mwaka 1550, akawa askari mwenye mwili mkubwa na kidonda mguuni kisichopona. Alikuwa mchezaji wa karata na dadu asiyezuilika. Huko Napoli mwaka 1574 alicheza mpaka akapoteza silaha zake na mavazi yake, akabaki ombaomba mlangoni mwa kanisa. Wakapuchini wa Manfredonia wakampa kazi ya kibarua katika ujenzi wao, na mwaka 1575 neema ikamshika. Yeye ndiye aliyeanzisha shirika la watumishi wa wagonjwa, ambao leo wanayo hospitali huko Karungu, nchini Kenya, upande wa ziwa. Alitangazwa mtakatifu mwaka 1746. Jambo la kuangaliwa ni hili: hakuponywa na hofu ya kupoteza, maana alikuwa amekwisha kupoteza yote na bado alitaka kucheza. Mawaidha ya ndugu mmoja wa utawa yalimfikia moyoni akiwa tayari ameshikwa na kazi ya mikono, katikati ya watu waliompokea.

Basi liingie swali la pili, la sheria. Hapa wema wa moyo peke yake hautoshi, inatakiwa busara. Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika mafundisho yake juu ya sheria, alisema ya kuwa sheria ya binadamu hutungwa kwa ajili ya umati wa watu, na wengi kati yao hawajakamilika katika fadhila. Kwa hiyo haikatazi kila uovu, bali ule mkubwa ambao wengi waweza kujiepusha nao, na zaidi ule unaowadhuru wengine hata jamii isiweze kusimama, kama vile uuaji na wizi. Ukimtwika mtoto mzigo wa mtu mzima, atauangusha wote.

Wanaotaka mchezo uruhusiwe husimama juu ya neno hilo. Husema: watu watacheza tu. Mkiwafungia nyumba zinazolipa kodi, watakwenda katika nyumba za mbali zisizojulikana, na wakidhulumiwa hawatakuwa na pa kushtaki. Wanao mfano. Marekani ilikuwa imezikataza nyumba za poka za intaneti kupokea fedha, nazo zikaendelea kwa siri kutoka nchi nyingine. Tarehe 15 Aprili 2011 waendesha mashtaka wakazifunga tatu kubwa kwa siku moja. Hapo ikaonekana ya kuwa moja yao, iliyoitwa Full Tilt, ilidaiwa na wachezaji wake kiasi cha dola milioni 390, na katika benki ilikuwa na kiasi cha milioni 60 tu. Mengine wakubwa wake walikuwa wamejigawia. Wengi walingoja miaka kabla ya kurudishiwa. Mwaka 2013 poka ya intaneti ikaanza kuchezwa kwa ruhusa katika majimbo ya Nevada, Delaware na New Jersey, chini ya macho ya serikali. Hoja hii ni ya kweli, na anayeidharau hajawahi kumwona mtu aliyedhulumiwa akikosa hata karani wa kumwandikia mashtaka. Sheria inayoruhusu yaweza kuweka umri, kudai dhamana ya fedha za wachezaji na kutoza kodi. Sheria inayokataza bila nguvu ya kuzuia haiwezi hata moja katika hayo.

Nchi ya Kenya imeyapitia yote mawili. Sheria yake ya kamari ilikuwa ya mwaka 1966, iliyotungwa kwa ajili ya kumbi na tiketi za karatasi. M-Pesa ikaanza mwaka 2007, na tangu 2014 pari ya simu ikaenea kama moto wa nyasi kavu. Serikali ikaongeza kodi, ikaipunguza, ikaiongeza tena. Mwezi wa Julai 2019 ikakataa kurudisha ruhusa za kampuni nyingi, hata SportPesa, iliyokuwa kubwa kuliko zote, ikasimamisha kazi yake huko. Na tazama kilichofuata: timu za mpira kama Gor Mahia na AFC Leopards, zilizokuwa zikivaa jina lake kifuani, zikabaki bila mfadhili, na wachezaji wakakosa mishahara. Mpira wa nchi ulikuwa umeegemea ukuta wa kamari, na ukuta ulipoondolewa mpira ukaanguka. Kamari haikuisha kwa hayo. Nyumba nyingine zilibaki au zikarudi. Mwezi wa Agosti 2025 sheria mpya ikatiwa sahihi ishike mahali pa ile ya 1966. Uganda nayo, Januari 2019, Rais Museveni aliamuru pasitolewe tena ruhusa mpya. Lakini walioajiriwa katika vibanda, na kodi iliyozoeleka, vilikuwa vimekwisha kuwa sauti za kuitetea biashara.

Hapo ndipo hoja ya upande wa pili inapopata uzito wake. Anayeruhusu ili atoze kodi huanza kuihitaji kodi ile. Mwaka wa kwanza Serikali humsimamia mchezaji kama baba. Mwaka wa kumi hungoja apoteze, kwa sababu daraja limeandikwa katika hesabu ya fedha zake. Kongo yenyewe inalo shirika la serikali la bahati nasibu, SONAL. Si rahisi mwenye duka kumhubiria mnunuzi asinunue. Tena ruhusa ya sheria ni mafundisho, upende usipende. Watu wa kijijini hawaisomi sheria. Huona kibao chenye rangi, picha ya mchezaji wa mpira mwenye jina, na polisi akipita bila kusema neno, nao hukata maneno ya kuwa jambo ni jema. Wazee wa Kinshasa hawajasahau nyumba ya Bindo ya mwaka 1990 na 1991, ambayo watu waliiwekea akiba zao wakiahidiwa kurudishiwa mara nyingi zaidi kwa majuma machache, na kwa kuwa ilifanya kazi hadharani walidhani ni salama. Ilianguka, na akiba za nyumba nyingi zikaanguka nayo. Ile haikuwa kamari ya karata, lakini imani ya watu ilijengwa juu ya jambo lile lile: kisichokatazwa kimebarikiwa.

Kati ya kuruhusu kama biashara ya heshima na kukataza chini ya kifungo, iko njia ya tatu ambayo watunga sheria wa zamani waliijua. Sheria ya raia ya Ufaransa ya mwaka 1804, iliyokuwa sheria ya Ubelgiji pia, ilisema ya kuwa mahakama haitamsaidia mtu kudai deni la kamari. Na aliyelipa kwa hiari yake naye hawezi kudai arudishiwe, isipokuwa alidanganywa. Lakini mashindano ya mbio na ya silaha, yanayoufanyia mwili mazoezi, hayakuwekwa chini ya katazo hilo. Hukumu hiyo ina busara nyingi. Sheria haikumfunga mchezaji gerezani. Ilikataa tu kumkopesha mikono yake mwenye kamari.

Kwa hiyo yaonekana afadhali nchi ivumilie mchezo huu kama mtu avumiliavyo moshi jikoni, bila kuufungulia mlango wa sebuleni. Vibao na matangazo yakatazwe kabisa, hasa yale yanayotumia mpira kuwavuta watoto. Mchezaji asikopeshwe hata faranga moja. Simu ya mtoto isipokelewe, na nyumba iliyompokea irudishe fedha mara mbili. Mchezo wa ndege upigwe marufuku, maana hauna ujuzi wala pumziko. Kodi itozwe, lakini isihesabiwe katika mapato ya kujengea shule, kusudi siku ya kuifunga nyumba pasiwe na mwalimu wa kukosa mshahara. Hata hivyo ni haki kukiri ya kuwa sheria kama hii yahitaji wakaguzi wasiopokea rushwa, na mahali wasipopatikana hao, wanaotaka katazo zima wana sababu ya kutaka hivyo.

Mtu atauliza: na tombola ya parokia, ambamo mbuzi hushindaniwa ili bati za kanisa zinunuliwe? Tiketi ni ya bei ndogo, huuzwa siku moja tu katika mwaka, kila mtu ajua fedha inakokwenda, na anayekosa mbuzi hurudi nyumbani akicheka. Ikiwa siku moja parokia itaanza kuuza tiketi kila Dominika, na mtu akaonekana akinunua ishirini kwa fedha za karo, Padri ataifunga. Na wale wanaoleta tiketi zao za pari zinyunyiziwe maji ya baraka, hao wamerudi kwa mganga kwa mlango wa kanisa.

Limebaki swali gumu kuliko yote, na lamhusu mkatekumeni mwenyewe zaidi ya Serikali. Yuko kijana mwenye mke na watoto, anayeomba Ubatizo, na kazi yake ni kuketi kibandani na kukata tiketi. Hachezi. Hanywi. Kazi nyingine katika mji hakuipata. Bandari na reli haziajiri kama zamani. Je, anyimwe Ubatizo?

Eklezia ya kwanza iliujua mtihani huu. Katika maandiko ya kale yaitwayo Mapokeo ya Mitume, ambayo kwa desturi husemwa kuwa ya Hipoliti wa Roma katika karne ya 3, imo orodha ya kazi zilizochunguzwa kabla mtu hajapokewa kufundishwa. Mwenye kupigana katika viwanja vya michezo aache au akataliwe. Mwendesha magari ya mashindano aache au akataliwe. Kuhani wa sanamu vivyo hivyo. Lakini juu ya mwalimu wa watoto, ambaye siku hizo alifundisha hadithi za miungu, imeandikwa ya kuwa ni vema aache, ila kama hana ustadi mwingine, aruhusiwe. Walitofautisha kati ya anayetenda uovu kwa mikono yake na anayekaa karibu nao kwa kukosa mkate.

Mwenye kibanda yuko upande gani? Yategemea anavyoketi pale. Mtakatifu Thoma alifundisha ya kuwa aliyepata fedha katika mchezo kutoka kwa mtu asiye na mamlaka ya kuitoa, kama mtoto au mwenye akili pungufu, hana budi kuirudisha. Na aliyemvuta mwenziwe acheze kwa tamaa ya kumnyang'anya, vivyo hivyo. Kwa hiyo kijana huyo akiwauzia watoto, au akimwita mvuvi kwa jina anapopita na mshahara, au akimkopesha aliyekwisha kupoteza, huyo hakai karibu na uovu; ndiye mkono wake. Akiketi tu na kuwahudumia watu wazima waliokuja wenyewe, akimrudisha mtoto, akimwambia baba wa nyumba, Leo imetosha, nenda, mashirika yake na dhambi ni ya mbali, na haja ya watoto wake yaweza kuipa udhuru kwa muda. Lakini mwenye kibanda anayewarudisha wateja hatadumu kazini, na kijana huyo analijua jambo hilo kuliko Padri.

Ndiyo sababu uchunguzi huu haungoji juma la mwisho. Huulizwa mapema, mbali kabla ya Dominika ya kwanza ya Kwaresima ambapo majina ya wateule huandikwa, naye huulizwa peke yake, pasipo aibu mbele ya wengine: nani hununua kwako? mtoto akija wafanyaje? Na jumuiya yake huulizwa swali moja pia, ambalo hukaa kimya wakilisikia: ni nani kati yenu mwenye mtumbwi unaopungukiwa mtu, au duka la chumvi linalohitaji karani?